Baiskeli ya safari ndefu inayumba, inagonga, inakata spoku: anza na mzigo

Baiskeli iliyotulia vizuri mjini inaweza kubadilika tabia mara tu inapofungwa hema, jiko, chakula na maji. Inayumba mteremkoni, keria inalia, spoku zinakatika, kisigino kinagonga begi kila unapozungusha pedeli. Wengi hulaumu ringi au fundi aliyeifunga. Mara nyingi kosa liko kwenye upangaji wa mzigo, na dawa yake haihitaji kipuri chochote: shuka, fungua mabegi, panga upya.

Mifano ya mwongozo huu ni ya barabara ya Arusha hadi Mbeya kupitia Babati, Kondoa, Dodoma, Mtera na Iringa, takriban kilomita 1,000. Ni njia inayojaribu mzigo kwa kila namna: vilima vya Kolo na Nyang'oro, joto la bonde la Mtera, malori, miiba, kisha baridi kali ya usiku Makambako na Mbeya mwezi Juni na Julai.

Kabla ya kutafuta tatizo lolote, pima. Mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano, inatosha. Pima kila begi peke yake na uandike. Vifaa vyote vya mtu mmoja, bila maji wala chakula, viwe kati ya kilo 15 na 18. Vikizidi kilo 25 hakuna namna ya kupanga itakayokuokoa. Kilichobaki ni kupunguza. Soma pia kiwango kilichopigwa muhuri kwenye keria. Keria nyingi za alumini za nyuma zimeandikwa kilo 25, na hizo ni pamoja na hema lililofungwa juu, si mabegi ya pembeni tu.

Usukani unatetemeka mteremkoni

Dalili huanza ukishafika mwendo wa kilomita 30 kwa saa hivi: usukani unacheza kushoto na kulia, na unavyoukaza ndivyo unavyozidi. Hapo hapo, bana bomba la juu la fremu kwa magoti, legeza mikono bila kuachia, kisha punguza mwendo polepole kwa breki zote mbili. Usikanyage breki ya mbele peke yake kwa ghafla.

Ukishasimama, tafuta chanzo kwa mpangilio huu.

Kwanza, mzigo wote uko nyuma. Kipimo chake ni rahisi: inua usukani kwa mkono mmoja. Kama gurudumu la mbele linainuka kama halina kitu huku nyuma huwezi hata kusogeza, umekipata chanzo. Baiskeli hiyo hiyo ukiipandisha Nyang'oro utaona gurudumu la mbele linakosa mwelekeo na kutaka kuinuka. Hamishia mbele vitu vidogo vizito: spana, vyakula vya kopo, jiko, unga, mchele. Lengo zuri ni asilimia 40 mbele na 60 nyuma. Mabegi ya mbele yaning'inie chini, katikati yake ikaribiane na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Yakikaa juu usukani utakuwa mzito na utakawia kurudi. Kama huna keria ya mbele, begi la ndani ya fremu na chupa za maji zilizofungwa kwenye miguu ya foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, zitasogeza kilo 3 hadi 5, na tofauti utaihisi.

Pili, mnara juu ya keria. Hema juu ya begi, viatu juu ya hema, gunia la viazi juu ya viatu. Kitu chochote kinachozidi urefu wa tandiko kinaifanya baiskeli iyumbe kila unaposimama kwenye pedeli. Juu ya keria paki vitu vyepesi tu, na vilale kwa urefu wa baiskeli, visikae kwa mkingamo.

Tatu, upande mmoja umezidi. Tofauti ya nusu kilo haisumbui. Ikifika kilo moja na zaidi, mwili wako unafidia bila wewe kujua na mgongo utauma jioni. Chupa ya maji uliyoinywa upande wa kulia imeshavuruga mizani ya asubuhi, kwa hiyo kunywa kwa zamu.

Nne, mzigo unacheza. Shika begi lililojaa na ulitikise: likisogea hata kidole kimoja, huo ndio mtetemo. Mipira yenye ndoano hupendwa kwa wepesi wake, lakini inavutika kila shimo, na mzigo unaruka nayo. Tumia mkanda usiovutika kwanza, kisha mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu juu yake. Wabeba mkaa na mafundi wa vijijini wanajua siri ya mpira huo: unavutwa hadi mwisho, unazungushwa mara kadhaa, na kila mzunguko unabana ule wa chini yake. Ncha zote zichomekwe ndani. Ncha ya mkanda ikiingia kwenye spoku za mbele, gurudumu linaganda na wewe unaruka juu ya usukani.

Ukishayamaliza haya yote na bado inatetemeka, sasa angalia beringi za shingo ya usukani, beringi za habu na upepo wa tairi la mbele.

Spoku za nyuma zinakatika

Hapa pana dhana inayopotosha, kwamba spoku hukatika kwa kukazwa mno. Kwenye baiskeli ya mzigo, inayokatika kwa kawaida ni ile iliyolegea. Kila gurudumu linapozunguka, spoku inayopita chini hulegea kidogo na ikipanda hukaza tena. Iliyokazwa vizuri haiusikii mchezo huo. Iliyolegea hukunjika na kunyooka maelfu ya mara kwa siku, kisha chuma kinachoka na kukatikia kwenye kona, pale inapoingia kwenye habu.

Kabla ya safari, zungusha gurudumu la nyuma na kuzibana spoku mbilimbili kwa vidole. Zote za upande mmoja zilingane. Upande wa gia huwa zimekaza zaidi kuliko upande wa kushoto. Hiyo ni kawaida, ndivyo gurudumu lilivyoundwa. Zenye kulegea peke yake katikati ya wenzake ndizo za kumpelekea fundi. Baada ya siku mbili za mzigo, rudia kuzibana. Gurudumu la spoku 36 linafaa zaidi kwa safari hizi. La 32 linavumilia kama mzigo uko ndani ya kilo zilizotajwa juu.

Spoku moja ikikatika njiani:

Ondoa mabegi yote. Kuinyoosha ringi huku mzigo uko juu ni kujidanganya. Ifunge spoku iliyokatika kwa tepu kwenye jirani yake isije ikaingia kwenye gia. Kama iliyokatika ni ya upande wa kulia, ringi itakuwa imevutwa kushoto. Legeza nusu mzunguko spoku mbili za kushoto zilizo jirani, kisha uone kama ringi imepita katikati ya breki. Hamishia mbele kilo mbili tatu kutoka nyuma, endesha taratibu hadi mji unaofuata.

Beba spoku 6 za akiba: 2 za mbele, 2 za nyuma kushoto, 2 za nyuma upande wa gia. Urefu wake hautofautiani sana lakini unatofautiana, kwa hiyo zifunge kwa tepu za rangi tofauti. Zichomeke ndani ya bomba la tandiko au zifunge kando ya fremu. Tatizo ambalo watu hulikuta wakiwa porini ni kwamba spoku za upande wa gia haziingii bila kutoa sproketi za nyuma, na kifaa cha kuzitolea hakipatikani kwa kila fundi. Hakifiki gramu 100. Kibebe.

Keria inalia, inainama au imekatika

Mlio wa tik-tik kila unapopita kwenye tuta ni bolti inayolegea. Keria nyingi hufungwa kwa bolti za M5, na spana yake ya pembe sita ni milimita 4. Chache ni M6, spana milimita 5. Zikaze jioni ya siku ya kwanza, kisha kila baada ya siku tatu. Mtetemo wa barabara ya matuta hufungua hata bolti iliyokazwa kwa nguvu, kwa hiyo paka tone moja la gundi ya bolti ya rangi ya buluu kwenye nyuzi zake. Hushika, lakini bado hufunguka kwa spana ya mkono. Beba bolti 6 na nati 4 za akiba kwenye kopo dogo.

Bolti ikikatikia ndani ya tundu la fremu, usipoteze saa nzima kuichokonoa. Hamia kwenye kibano cha hosi kinachozungushiwa bomba la fremu, juu ya kipande cha tyubu ili rangi isikwaruzwe, na funga mguu wa keria hapo. Vibano viwili vya ukubwa wa bomba lako ni miongoni mwa vitu vyenye thamani kubwa kuliko uzito wake.

Keria ikikatika kabisa, jibu linategemea madini yake. Ya chuma, fundi yeyote wa kuchomelea mageti Babati, Kondoa au Makambako ataiunga kwa dakika chache. Ya alumini haichomelewi kwa mashine hizo: unaifunga gango kwa kipande cha mti mgumu au nondo nyembamba, waya wa kufungia na mpira wa tyubu. Kwa safari za bara letu tunapendelea keria ya chuma hata kama ina nusu kilo zaidi.

Begi linaruka kwenye keria, au kisigino kinaligonga

Begi linaloruka kwenye mashimo kwa kawaida lina ndoano za juu zilizo pana kuliko bomba la keria. Mabomba ya keria huanza milimita 8 na kuendelea, na mabegi mengi huja na vipande vya plastiki vya kupunguza nafasi. Watu huvitupa na boksi. Kama huna, zungushia bomba utepe wa tyubu hadi ndoano iingie kwa kusukumwa. Kisha angalia ndoano ya chini: isiposhika kitu, begi litapigapiga kama mlango wa banda na mwisho litatoka.

Kisigino kikigonga, sogeza ndoano mbele ndani ya reli yake, ili begi lenyewe lirudi nyuma. Fremu fupi za baiskeli za milimani ndizo zenye shida hii zaidi, na mwenye kiatu cha namba 44 huenda akalazimika kutumia mabegi madogo nyuma. Usilirudishe nyuma kupita habu kuliko inavyohitajika, maana utakuwa umetibu kisigino na kurudisha mtetemo wa usukani.

Pancha zisizoisha

Usizibe tu, soma tundu, kwa sababu kila tundu lina kauli yake.

Tundu dogo moja upande wa nje ni mwiba au waya. Kwenye barabara kuu za malori, adui mkubwa ni nyuzi nyembamba za waya zinazomwagika tairi la lori likipasuka. Ni fupi kama unywele uliokatwa, hazionekani kwa jicho la haraka, na usipozitoa utapata pancha tatu mahali pale pale. Pitisha kipande cha pamba ndani ya tairi lote. Kitanasa kwenye ncha ya waya. Ichomoe kwa koleo. Miiba ya migunga na mbigili huchukuliwa zaidi unaposukuma baiskeli kutoka lami kwenda mahali pa kulala. Vua mabegi mawili na uibebe baiskeli hatua hizo chache.

Matundu mawili sambamba upande wa ndani ni ringi iliyobana tyubu kwenye shimo. Upepo ni mdogo kwa mzigo huo. Tairi la inchi 2 lenye mzigo linataka takriban psi 50 nyuma na 40 mbele. Pampu ndogo ya mkononi hufika huko kwa taabu, kwa hiyo tumia pampu ya fundi kila unapoikuta.

Tundu upande wa ringi: utepe wa ringi umehama na kichwa cha nipeli, ile nati ndogo ya spoku, kinachoma. Mpasuko kwenye shina la valvu: tyubu imeteleza kwa upepo mdogo, au ulipampu bila kuishika valvu. Kiraka kinachobanduka: hukusugua vya kutosha, au hukungoja gundi ikauke hadi isinate, dakika 5 hivi.

Beba tyubu 2, viraka 10, gundi 2 (kopo lililofunguliwa hukauka), na adapta ya valvu kama yako ni ile nyembamba, ili pampu ya kituo cha mafuta ikufae. Kuhusu tairi la akiba, soma namba ya milimita ubavuni. Tairi la 26 la baiskeli ya milimani ni 559 na linapatikana miji mingi. Tairi la 28 la Phoenix, lililojaa madukani hadi vijijini, ni 635. La 700C, ambalo ni sawa na la 29, ni 622. Muuzaji anaweza kukuhakikishia kwamba 28 ni 28, lakini 635 haiwezi kukaa kwenye ringi ya 622. Mwenye 622 abebe tairi moja la kukunjika. Mwenye 559 anaweza kuacha.

Vitu vimelowa ingawa begi halipitishi maji

Begi la kukunja mdomo linahitaji mikunjo mitatu kamili. Ukilijaza hadi ukapata mkunjo mmoja, umebeba kikapu. Mara nyingine maji hayakutoka nje: nguo mbichi uliyoifungia ndani imetoa mvuke juani, au kifuniko cha chupa kimelegea. Begi la kulalia na nguo za usiku ziingie kwenye mfuko mwingine wa nailoni ndani ya begi, hata kiangazi.

Hema lililolowa asubuhi linahitaji kusomwa pia. Matone yaliyosambaa dari nzima baada ya usiku usio na mvua ni jasho la pumzi zako. Acha matundu ya hewa wazi na usilale bondeni kando ya mto. Maji yaliyojikusanya sakafuni baada ya mvua yamepita kwenye mshono, au turubai la chini limejitokeza nje ya hema na kukinga mvua kisha kuiingiza chini yako. Turubai lirudi ndani sentimita 5 kila upande. Mishono ipakwe gundi inayolingana na kitambaa: kilichopakwa silikoni kinakubali silikoni tu. Kitambaa kikianza kunata na kunuka, tabaka lake limekufa, usilihangaikie.

Hema bichi lipakiwe nje, juu ya keria, kamwe lisiingie na begi la kulalia. Lianike saa ya chakula cha mchana. Siku mbili likiwa limekunjwa na unyevu, ukungu utaota.

Baridi usiku

Begi la kulalia la nyuzi joto 10 linatosha Dodoma na linazidi Mtera. Makambako mwezi Julai halitoshi. Lakini kabla ya kununua jingine, gusa chini yako: baridi nyingi hupanda kutoka ardhini, kwa sababu nyuzi za begi zilizolaliwa hazina tena hewa ya kukinga. Mkeka wa povu unaifanya kazi hiyo bila kupasuka. Godoro la upepo ni tamu zaidi lakini linaogopa miiba. Fagia mahali kwa mkono kabla ya kutandika turubai. Likiisha upepo, paka povu la sabuni kwenye valvu kwanza, kisha kwenye mishono.

Vaa nguo kavu, jaza chupa maji ya moto na uiweke miguuni. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema hata kidogo, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu: hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na inaua mtu akiwa usingizini.

Jiko halifai ulipofika

Mitungi midogo ya gesi ya kambi, yenye mdomo wa skrubu, hupatikana miji mikubwa tu. Mtungi wa kilo 6 ulioko kila duka hauingiliani nayo. Kwa njia hii chukua jiko la petroli na mafuta ya taa, au la spiriti. Moto wa njano wenye masizi maana yake hukulipasha moto vya kutosha kabla ya kufungua mafuta. Moto dhaifu unaokatika ni tundu la mafuta lililoziba. Lizibue kwa sindano iliyokuja nalo. Chupa ya mafuta isijazwe hadi juu, iache nafasi ya vidole viwili, na ikae kwenye kishikio chini ya fremu, mbali na chakula. Unga ulionusa petroli haupikiki.

Maji hayatoshi, au vishikio vimevunjika

Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo usibebe ya siku mbili bila sababu. Kati ya Dodoma na Mtera, lita 5 au 6 za asubuhi zinatosha ukijaza tena vijijini. Chupa ya lita 1.5 huvunja kishikio cha kawaida kwa mtetemo. Izungushie mkanda au mpira.

Ukilazimika kupanda basi

Vua mabegi, geuza usukani, toa pedeli. Ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa, kinyume cha ya kulia. Toa upepo nusu. Keria ya alumini ivuliwe na kufungwa ndani ya fremu, kwa sababu magunia yatawekwa juu yake hata kama umeambiwa hayatawekwa. Bolti zake zirudishe kwenye matundu yake na uzikaze kwa mkono, zisipotee kwenye buti la basi.